Kabati Ameachwa Huru

Mimi nikikasirika nakaanga. Ndiyo maana kantini ya klabu yetu ya La Chispa haijawahi kukosa milanesa, kwa sababu pale uwanjani hakuna Jumamosi inayopita bila mtu kunikera, na nikikerwa nachukua nyama, naiponda, naipaka chenga za mkate, naitumbukiza kwenye mafuta. Dirisha langu la kuuzia liko nyuma tu ya benchi la watoto. Nasikia kila kitu: refa akitukanwa, kocha akishauri, mtoto akiomba kwenda kukojoa. Wengine hapa Rosario, Argentina, wanasema mimi ndiye ninayepiga kelele kuliko wote. Waongo. Mama wa kipa yupo.

Jina langu Mirta. Ciro ni mtoto wa mdogo wangu Walter, tunakaa nyumba moja, na mimi ndiye shangazi pekee aliye naye, kwa hiyo msitarajie nimzungumzie kama mtu baki. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na mwili wa mtoto wa sekondari. Mabega hivi. Mapaja hivi. Mtaa mzima ulimwita Kabati, naye alilipenda jina hilo kwa sababu lilikuwa jina la mfungaji. Viwanja vya watoto kwetu ni vidogo, vya saruji, na mpira ukimfikia Ciro akiwa katikati tu, anapiga. Akipiga, kipa wa wenzetu anafumba macho. Basi, goli.

Kocha wetu wa zamani, Don Tito, alikuwa na somo moja tu, na somo hilo lilijulikana hadi na muuza gesi: "Mpe Kabati!" Kipa akidaka, mpe Kabati. Beki akibanwa, mpe Kabati. Mimi mwenyewe nimelipigia kelele hilo huku nimeshika uma wa kukaangia, tukashinda, tukashinda, tukashinda. Jamani, kushinda ni kutamu! Anayesema matokeo si kitu kwa watoto hajawahi kukaa nao kwenye teksi wakitoka kufungwa. Hata redio inaona haya kuimba.

Halafu Don Tito akaugua moyo, binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Córdoba. Wakubwa wa klabu wakatuletea Marielba.

Mwanamke, wa kwanza kabisa kwetu, na mgeni tena, kutoka Maracaibo huko Venezuela. Alikuwa anafundisha michezo shule ya msingi, na watoto wote aliwaita "mfalme wangu", hata yule Tobías mwenye makamasi. Siku ya kwanza ya mazoezi akawakusanya akasema, "Kuanzia leo hakuna kupiga kutoka mbali."

"Hata mimi?" Ciro akauliza.

"Hasa wewe, mfalme wangu."

Nusura nimwagie mtu mafuta. Akamweka Ciro alipe lango mgongo, apokee mpira kwa mguu wa kushoto, autulize, atazame, ndipo atoe pasi au ageuke. Mguu wa kushoto wa Ciro! Mguu ule ulikuwa wa kusimamia tu. Mpira ulimpita chini, ulimgonga gotini, ulimkimbia. Jumamosi ya kwanza tukafungwa tatu bila. Ya pili tukafungwa tena. Akina baba wakajipanga kwenye uzio wa waya. "Mama weee, Kabati limefungwa ufunguo umepotea!" mmoja akapiga kelele, na wenzake wakacheka kile kicheko cha uchungu. Marielba alipokuja dirishani nikamuuzia kahawa iliyopoa. Akainywa yote akasema asante sana, nzuri. Watu wa namna hiyo wanaudhi.

Lakini Ciro mwenyewe, sijui alirogwa na nini, akaanza kupenda. Nilimkuta nyumbani ameipa mgongo friji. "Shangazi, nirushie chungwa. Chini, chini. Tena." Anatuliza, anageuka, chungwa linaingia uvunguni mwa meza. Machungwa yangu yote yaliishia kuwa juisi wiki ile. Siku alipogeuka vizuri mara ya kwanza alinitazama kwa macho makubwa namna ile, nami nikamwambia aokote maganda.

Walter ndiye hakuweza kuvumilia. Yeye ni mtu wa kimya. Huegesha teksi nyuma ya waya, anatazama mechi amesimama, akinyonya chai yake ya majani ya yerba kwa mrija, haongei na mtu. Kumwona anakuja hadi benchini ilikuwa habari.

"Mwalimu, samahani. Mwanangu amekukosea nini?"

"Ciro? Hajanikosea kitu. Nampenda sana yule."

"Basi mbona humwachi apige?"

"Kaka Walter, kupiga anajua. Sasa nimfundishe anachokijua?"

"Timu inafungwa."

"Inafungwa, ndiyo. Na mimi silali, usidhani nalala." Akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa nimeshatoa kichwa dirishani. "Mtazame. Amekua mapema. Leo anawaangusha wenzake kwa bega tu. Mwaka kesho, mwaka kesho kutwa, watakuwa wamemfikia. Bega lao likiwa sawa na lake, yeye atabaki na nini?"

Walter alibadilika rangi. Aliifunga chupa yake ya maji moto, akarudi kwenye teksi, akaondoka kabla mechi haijaisha.

"Nimesema vibaya?" Marielba akaniuliza.

"Nunua kitu au usizibe dirisha," nikamwambia.

Angejuaje? Walter alikuwa Kabati wa zamani zake. Wakati ule walimwita Tingatinga. Akiwa na miaka kumi alikuwa na masharubu karibu kuota, anapiga kutoka katikati, tunashinda, marehemu mama anagawa keki mtaani. Klabu kubwa ya mjini ikaja ikamchukua. Miaka ya mwanzo alifunga huko pia. Kisha wenzake wakarefuka, mmoja mmoja, na yeye akabaki alipo. Akakaa benchi. Akakaa jukwaani. Alipofika miaka kumi na sita mtu mmoja akamsimamisha koridoni, huku anamenya chenza, akamwambia: "Kijana, uko huru."

Maana kwetu klabu ikimtupa mtoto haisemi imemtupa. Inasema imemwacha huru. Kila Novemba unasikia mtaani, mtoto wa fulani ameachwa huru, na watu wanashusha sauti kama wanataja ugonjwa. Hata watoto wanatishana nalo: "We, cheza hivyohivyo, utaachwa huru!" Tangu siku ya koridoni, neno lile nyumbani kwetu halitamkwi. Walter anaendesha teksi, na teksi isiyo na abiria huwasha taa nyekundu yenye neno hilohilo kwenye kioo cha mbele. Yeye husema, "Niko mtupu." Mpira wa adhabu, ambao kwetu huitwa pigo huru, yeye huuita mpira uliosimama. Ciro amekulia humo. Alijua neno lile lilipo kama mtoto anavyojua sumu ya panya imewekwa wapi, na kwamba haiguswi.

Basi ikaja Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Pamoja na vipigo vyote, tulikuwa bado tunaweza kuchukua ubingwa, tukiwafunga Los Andenes nyumbani kwetu. Na zaidi ya ubingwa, kulikuwa na habari nyingine: klabu kubwa, ileile ya Walter, ilikuwa inamleta msaka vipaji wake amtazame Ciro. Walter alinyoa. Akaosha teksi kana kwamba teksi ndiyo inayocheza.

"Akimchukua, dada," akaniambia, "mimi sina tena ninachodai duniani."

"Na wakimwacha?"

Akaendelea kusugua taa.

Ciro asubuhi hiyo alikuwa anakoroga maziwa bila kunywa. "Shangazi, mwalimu ananitaka?"

"Anakutaka vipi? Kunywa."

"Tobías anasema anatafuta njia ya kunitoa kwenye timu. Ndiyo maana haniachi nipige."

"Tobías apenge makamasi kwanza. Kunywa hayo maziwa."

Kipindi cha kwanza kilikuwa mateso. Los Andenes walifunga goli la kipuuzi, mpira umemgonga beki wetu mgongoni ukaingia. Baada ya hapo kila Ciro alipopata mpira, huku Marielba anasema "tulia, tazama," kule waya mzima unapiga kelele "Piga! Piga, Kabati!" na katika sauti zile naijua moja, ya Walter, ambaye hajawahi kupiga kelele. Mtoto akawa anatazama huku, anatazama kule, mpira unanyang'anywa miguuni. Mara ya mwisho alisimama tu, mikono imening'inia. Msaka vipaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kona, kijana mwenye koti la klabu, anatazama simu. Nikaponda nyama hadi ikatoboka.

Mapumziko. Marielba aliona ninachokiona mimi: mtoto anazama. Na hapa lazima nimtendee haki. Hakumgombeza. Alipiga magoti kwenye saruji mbele yake, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akazungumza polepole, kwa upendo kabisa.

"Ciro, mfalme wangu, nisikilize. Yote niliyokuambia, yaache. Usimsikilize mtu. Leo mimi nakuacha huru. Umenielewa? Uko huru."

Niliuma kisu, nawaambia, nilikiuma kwa meno.

Ciro alimtazama. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akasema, "Sawa, mwalimu." Kisha akavua jezi. Ilikuwa imelowa jasho, imenata mgongoni, na kola ikamkwama kichwani, mwenzake mdogo Lisandro akamsaidia kuivuta. Akaikunja. Mtoto asiyekunja hata shuka lake, akaikunja mikono ndani, akaiweka juu ya mapaja ya Marielba, akasema, "Asante kwa mafunzo." Akatoka kwa mlango mdogo wa waya, kifua wazi, bila kukimbia.

Marielba alibaki amepiga magoti na jezi. "Anakwenda wapi? Anakwenda chooni?"

Mimi nilikuwa nimeshatoka na aproni yangu. "Umemwambia nini mtoto, wewe!"

"Nimemwambia acheze! Nimemwambia yuko huru!"

"Kuachwa huru kwetu ni kufukuzwa! Ni kutupwa, mama! Umemfukuza mtoto mbele ya watu!"

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu. Kwetu ni neno zuri. Kwetu ndilo neno zuri kuliko yote." Akaanza kuinuka amfuate, uso umekuwa mweupe. Mwaka mmoja katika nchi ya watu hautoshi kujua neno gani linauma wapi. Ilibidi nimshike mkono. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa pamoja, na kwa kuwa sikuwa na muda nikamwambia, "Kaa na hawa, nao ni watoto wa watu. Yule niachie mimi."

Nilipofika nyuma ya waya nilimkuta Ciro amesimama mbele ya baba yake.

"Umeumia?" Walter anauliza. "Jezi iko wapi? Ciro! Jezi iko wapi?"

"Twende nyumbani, baba. Wameniacha huru."

Sijui niwaelezeje uso wa Walter. Ulikuwa uso wa miaka kumi na sita. Aliufungua mlango wa nyuma wa teksi, Ciro akaingia, na yeye badala ya kwenda kwenye usukani akaingia nyuma pia, akakaa kiti cha abiria karibu na mwanawe, magoti yamebanwa. Nikaingia mbele bila kukaribishwa, nikageuka.

"Si kweli," nikasema. "Ciro, sikiliza. Nimesikia mwenyewe. Mwalimu ni mgeni. Kwao neno lile maana yake cheza unavyopenda. Hajakufukuza. Yuko pale analia."

"Analia kweli?"

"Analia mpaka filimbi imelowa."

Alifikiri. Ciro akifikiri unaona. "Kwa hiyo kwao ni neno zuri."

"Wanasema ndilo zuri kuliko yote."

Nilidhani yamekwisha. Nikashika kitasa. Lakini mtoto akamgeukia baba yake. "Baba, wewe walipokuacha, ulifanyaje?"

Miaka yote ile hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeuliza hilo. Mama amekufa hajauliza. Nikafungua mdomo nimnyamazishe, Walter akaniinulia mkono.

"Nilirudi kwa miguu," akasema. "Viatu vya mpira nikampa kijana wa jirani. Sikucheza tena."

"Hata na rafiki zako? Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Walikukataza?"

"Hapana." Alikuwa anatazama mikono yake. "Klabu walininyima. Mpira hakuna aliyeninyima. Mpira niliuacha mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikujua kucheza, mwanangu. Nilijua kupiga. Nikiwa kama wewe walisema piga, nikapiga, tukashinda, wote wakafurahi, na mimi nikafurahi. Wenzangu waliponifikia nikaitazama miguu yangu, nikakuta haijui kitu kingine. Niliona haya. Nikaona haya hata kucheza na rafiki zangu."

Uwanjani filimbi ikalia, kipindi cha pili kimeanza. Hakuna aliyeinuka.

"Si uje Jumanne," Ciro akasema. "Mwalimu anafundisha. Hata Lisandro alikuwa hajui kitu."

Walter akacheka. Kicheko kikaanza vizuri, katikati kikakatika, akafunika macho kwa kiganja, na mtoto akampigapiga mgongoni kama anavyompigapiga mtu aliyepaliwa. Mimi nilitazama nje, kwa sababu mtu ukimwangalia wakati ule hawezi kukusamehe. Kisha Walter akajifuta, akasema, "Unataka kurudi?"

"Wewe unataka nirudi?"

"Nimekuuliza wewe."

"Nataka," Ciro akasema. "Leo machungwa yalikuwa yanakubali."

"Machungwa gani?"

"Nenda zako," nikamwambia Ciro, "utaeleza baadaye."

Marielba alimvika jezi mwenyewe. Ciro akamwambia jambo sikioni, naye mwalimu akawa anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, hata ukipoteza, ndiyo. Walter alisimama palepale kwenye waya wake. Wale akina baba wakaanza tena, "Piga, Kabati!" na Walter akageuka akawaambia, kwa ile sauti yake ya chini, "Jamani, mwacheni acheze." Wakanyamaza kwa mshangao tu. Walikuwa hawajawahi kusemeshwa naye.

Mpira wa kwanza Ciro aliupoteza. Wa pili, akiwa katikati ya uwanja, akapiga, maana kama mtu yuko huru hata hilo anaruhusiwa. Lo! Ukagonga mwamba, lango likatikisika, mtaa mzima ukashika kichwa. Baada ya hapo alikuwa mtoto mwingine. Aliomba mpira. Alitoa pasi. Alikosea akacheka, akina baba wakasonya, akakosea tena. Na dakika za mwisho akapokea mgongo ukiwa upande wa lango, mguu wa kushoto, akautuliza ukatulia, beki mmoja akaja kwa nguvu akapita na upepo, Ciro amegeuka, yuko peke yake na kipa. Nilipanda juu ya kreti ya soda. Akapiga upande, kwa ndani ya mguu, kwa akili. Kipa akanyoosha mkono akaugusa kwa kidole, ukatoka nje.

Tukafungwa moja bila. Msinitegemee niseme tulishinda kwa namna nyingine, huo ni upuuzi. Tulifungwa, Los Andenes wakachukua kombe nyumbani kwetu, na mimi nilipiga teke ile kreti hadi leo kidole kinaniuma wakati wa baridi.

Yule msaka vipaji akaja polepole mpaka dirishani, ambako Walter alikuwa amekuja kuchukua maji. Kijana mwenye adabu, siwezi kusema hana.

"Wewe ndiye baba wa yule mkubwa?"

"Ndimi."

Akamtazama. Alianzia viatuni, akapanda, akafika utosini mapema kuliko alivyotarajia. "Baba mzazi?"

"Mzazi."

"Na mama yake, ni mrefu?"

Walter alielewa anapimwa nini. Na mimi nilielewa. Nilikuwa na sahani mkononi na nilijua ningeirusha wapi.

"Mama yake ananifika hapa," Walter akasema, akagusa kidevu chake.

"Aa," akasema yule. "Ana nguvu, mtoto. Tutamtazama tena." Kwetu "tutamtazama tena" maana yake ni kwaheri.

Nilisubiri Walter aanguke. Kwa miezi nilikuwa nimeisubiri saa hiyo kwa hofu. Akaitua chupa ya maji.

"Umeuliza kimo," akamwambia. "Mbona mguu wa kushoto hukuuliza?"

"Samahani?"

"Mwezi wa saba mwanangu hakuwa na mguu wa kushoto. Leo anao. Umeuona?"

Yule akasema ameona, ameona, lakini alikuwa anatafuta funguo za gari mfukoni.

"Hukuuona," Walter akasema bila hasira. "Haya, safari njema."

Kwetu mechi ikiisha wenyeji huwalisha wageni, hata wageni wakiwa wametuibia kombe. Nikapanga milanesa katikati ya mikate, watoto wa pande zote mbili wakakaa meza moja ndefu wakasahau nani kamfunga nani. Wanakula kama nzige, wanainuka na mkate mdomoni, wanarudi uwanjani kucheza wamechanganyika, bila refa, bila kuhesabu magoli. Mpira ukapigwa ovyo, ukaja ukiviringika hadi miguuni mwa Walter.

"Mzee, mpira!" wakaita.

Akainama auchukue kwa mikono. Akasita. Akainuka, akaukanyaga kwa kiatu chake cha kuendeshea gari, ukamteleza ukampiga ugoko.

"Si hivyo, baba!" Ciro akapiga kelele kutoka kule. "Mguu ulegee! Tulia!"

Marielba alikuwa anafuta meza. Akaacha kitambaa. Hakusema neno, safari hii alijua kunyamaza. Walter akaupiga pasi, pasi mbovu, ukaenda kwa mtoto wa Los Andenes, na badala ya kurudi kwenye teksi akaufuata ndani ya uwanja. Alipoteza kila mpira uliomfikia. Kitoto kimoja cha wageni kikampitishia mpira katikati ya miguu, meza nzima ikalipuka, na Walter akasimama katikati ya uwanja akicheka amejishika kiuno, shati limetoka, kitambi kinatikisika, na mwanawe anamvuta mkono, njoo, simama hapa, ipe lango mgongo.

Nilimwekea sahani yake. Ikaanza kupoa, na mimi sipendi chakula kikipoa.

"Walter!" nikaita. "Njoo ule!"

"Bado kidogo, dada!"

Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa akinituma kila jioni nikamwite kiwanjani, na kila jioni alinijibu hivyohivyo. Sauti yake ilikuwa bado haijavunjika. Nikafunga dirisha, nikawaambia wateja mafuta yamekwisha, nikakaa juu ya gunia la viazi nikalia hadi nikachoka.